Je, Mzazi Amjibie Mwanawe?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yatangazwapo, na miaka hii hutangazwa katika mwezi wa Julai, huingia katika nyumba nyingi za vijijini kwetu kazi ambayo babu zetu hawakuijua. Si kazi ya jembe wala ya mifugo. Ni kazi ya kumtafutia kijana nafasi katika chuo kikuu, na kuomba mkopo wa kumsomeshea. Karatasi zake ni nyingi, siku zake ni za kuhesabiwa, na maneno yake mengi ni mageni. Na huyo kijana mwenyewe ana miaka kumi na minane au kumi na tisa: si mtoto wa kubebwa mgongoni, wala bado hajawa mtu mzima kamili.

Katika mazungumzo ya watu juu ya jambo hili nimesikia maneno mawili yakigongana. Wengine husema, "Hayo ni mambo ya wenye elimu. Mimi sikusoma, mtoto na ajitafutie mwenyewe." Wengine husema, "Mtoto ni wangu na fedha ni zangu. Nitamchagulia mimi." Nataka tuyapime maneno haya mawili, kwani nadhani ya kuwa, ingawa yaelekea pande mbalimbali, yametoka katika kosa moja. Wote wawili wafikiri kwamba kusaidia na kutawala ni kitu kimoja. Wa kwanza asema: kwa kuwa siwezi kutawala jambo hili, basi siwezi kusaidia. Wa pili asema: kwa kuwa mimi ndimi ninayesaidia, basi hapana budi nitawale.

Zamani swali hili halikuwa zito hivi. Chuo kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, hapakuwa na kingine cha namna hiyo katika Tanganyika. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana alitakiwa kwanza afanye kazi kwa muda, na watu waliomjua kazini na katika chama wakamshuhudia mwenendo wake, ndipo apate kuomba. Hata mwaka 1984, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipojitenga huko Morogoro, milango ya kubisha ilikuwa bado michache. Kwa hiyo mzazi wa siku zile aliombea tu, na kungoja, na kununua sanduku.

Leo vyuo ni vingi, vya serikali na vya makanisa na vya watu wengine. Tume ya Vyuo Vikuu ilianzishwa mwaka 2005 ili kuvisimamia, na tangu mwaka 2010 maombi yalipitia mahali pamoja kwake. Lakini tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake chuoni moja kwa moja, hata kwa vyuo kadhaa, na akichaguliwa na zaidi ya kimoja, hana budi kuthibitisha kimoja tu kwa namba ya siri aletewayo katika simu. Twaona basi jinsi mambo yalivyogeuka. Uchaguzi uliokuwa ukifanywa mbali, na watu tusiowajua, sasa umeingia nyumbani, umeketi juu ya mkeka wetu. Ndiyo sababu yatupasa tujue ni nani aliye na haki ya kusema neno la mwisho, na kwa nini.

Na tuanze na mzazi asemaye kwamba hakusoma. Nampenda mtu huyu kwa unyenyekevu wake, walakini unyenyekevu wake wamgharimu mtoto. Tumfikirie kijana wake. Anatoka kijijini asubuhi, anafika mjini, anaingia katika duka la steshenari lenye watu wengi. Mwenye duka amwuliza mambo matatu, apiga vidole, kisha amwambia, "Tayari, lete fedha." Ametia simu ya nani? Labda ya kwake mwenyewe mwenye duka, maana kijana hakuwa na simu. Neno la siri ameliandika wapi? Halikuandikwa popote. Kozi aliyoiandika ni ipi? Ni ile iliyokuwa karibu na kidole chake. Majuma yakapita, namba ya kuthibitisha ikaletwa katika simu ya mtu asiyemkumbuka tena, na nafasi ikapotea. Kijana huyu hakushindwa mtihani. Ameshindwa kwa kukosa mtu wa kusimama nyuma yake na kuuliza, "Hapo umeandika nini?"

Kuuliza hivyo hakuhitaji shahada. Mama asiyejua kusoma aweza kuhakikisha kwamba cheti cha kuzaliwa kimepatikana mapema, wala si siku tatu kabla ya mlango kufungwa, kwani cheti hicho huhitaji kuhakikiwa na wakala wa serikali ahusikaye na vizazi na vifo, na jambo hilo lina siku zake. Aweza kuangalia kwamba jina lililo katika cheti cha kuzaliwa ni lile lile lililo katika vyeti vya shule. Wengi wetu tulimwandikisha mtoto kwa jina la babu, kisha akabatizwa kwa jina jingine, kisha mwalimu wa darasa la kwanza akaandika la tatu. Na siku ya maombi majina hayo matatu huonekana kama watu watatu. Kama kijana ni yatima, aweza kutafuta cheti cha kifo cha mzazi aliyefariki. Aweza kununua daftari dogo la kuandikia neno la siri, na namba ya simu iliyotumika, na jina la chuo, na tarehe. Aweza kuilinda laini ya simu hiyo isipotee wala isiuzwe. Haya yote ni kazi ya uangalifu, na uangalifu ni elimu ambayo mama zetu wanayo kuliko wengi waliovaa majoho.

Sasa tumtazame mzazi wa pili, yule atakaye kuchagua mwenyewe. Huyu ana bidii, na twajua ya kwamba bidii yake yatoka katika upendo. Katika Injili ya Mathayo tunasoma habari za mama wa namna hii, mke wa Zebedayo. Alikwenda kwa Bwana Yesu, akapiga magoti, akaomba wanawe wawili wapewe viti, mmoja mkono wa kuume na mmoja mkono wa kushoto katika ufalme. Yaani aliwaombea wanawe nafasi, tena nafasi za juu kabisa! Bwana hakumkemea yule mama kwa kuwapenda wanawe. Lakini angalieni alivyofanya: swali aliligeuza, akawauliza wale vijana wenyewe kama wataweza kunywea kikombe atakachokinywea yeye. Hakumwuliza mama, kwa sababu kikombe si mama atakayekinywa. Na wale vijana wakajibu kwa vinywa vyao wenyewe.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Anayekwenda kukinywa kikombe ndiye aulizwaye. Baba apenda mwanawe awe daktari. Ni jambo jema. Nchi yahitaji madaktari. Lakini kazi hiyo yataka miaka mitano ya masomo na mwaka mmoja wa kufanya kazi chini ya wakubwa hospitalini, na yataka kijana awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia. Na kama amefaulu, je, ataweza kukesha na wagonjwa? Je, moyo wake umo? Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baba atajivuna kwa jina la daktari mara moja kwa mwezi, barazani. Mwana atakuwa daktari kila siku ya maisha yake, usiku na mchana. Si haki mwenye sehemu ndogo amkatie shauri mwenye sehemu kubwa.

Nami najua yatakayosemwa hapa, tena yana nguvu. Mtu ataniambia: "Mwalimu, wataka kutufundisha mambo ya watu wengine. Amri ya tano yasema tuwaheshimu baba na mama. Mtoto wa miaka kumi na minane ajua nini juu ya dunia? Marafiki wakisema wanakwenda chuo fulani, naye afuata kama kondoo. Tena vijana wengi wakati huo wako kambini katika Jeshi la Kujenga Taifa, maana utaratibu huo wa waliomaliza Kidato cha Sita ulirudishwa mwaka 2013. Na kambini hakuna nafasi ya kukaa na simu kutwa. Mzazi asipojibu, nani atajibu?"

Haya ni maneno ya haki, nami sitaki kuyapita mbio. Ni kweli kijana hajui mengi. Ni kweli pia kwamba mara nyingine mkono wa mzazi ndio utakaobonyeza, kwa kuwa mkono wa kijana hauko. Lakini mkono si moyo. Kabla kijana hajaondoka kwenda kambini, na waketi pamoja jioni tatu au nne. Na aandike kwa mkono wake kozi azitakazo, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ikiwa alama hazikutosha, ya nne na ya tano. Mzazi akiifuata karatasi ile baadaye, hakumjibia mwanawe. Amepeleka jibu la mwanawe, kama mtu apelekaye barua isiyo yake, ambayo hana ruhusa ya kuibadili njiani.

Na kwa habari ya heshima, nitazameni mzee Eli kule Shilo. Samweli alikuwa kijana mdogo aliyelelewa mikononi mwake. Usiku Mungu alimwita kijana, naye mara tatu akaondoka akakimbilia kwa Eli, akidhani kwamba ndiye aliyemwita. Eli alikuwa kuhani, mkubwa wa nyumba, mwenye maarifa ya miaka mingi. Angaliweza kusema, "Mimi ndimi niliyezoea sauti hizi, ngoja niende nikaisikilize kwa ajili yako." Hakusema hivyo. Alipotambua ni nani aitaye, alimfundisha kijana maneno ya kujibia, akamrudisha akalale mahali pake. Kisha asubuhi akamwuliza yale aliyoyasikia, akayapokea, ingawa yalikuwa machungu kwake mwenyewe. Je, Samweli alimvunjia Eli heshima kwa kujibu mwenyewe? La. Alimtii kwa kujibu mwenyewe. Na bila Eli asingalijua kujibu.

Huo ndio msaada ninaousema. Mzazi amfundishe mwanawe kusikiliza na kujibu, wala asijibu mahali pake. Na yako mambo ambayo mzazi peke yake aweza kuyasema. Mwalimu ajua alama za kijana, lakini mzazi amjua kijana mwenyewe: kama ni mvumilivu au mwepesi wa kuchoka, kama hupenda watu au hupenda vitu, kama ni mkweli katika fedha. Na amwambie. Naye mzazi peke yake ajua mfuko wa nyumba. Na huo pia amwambie, bila kuficha. Ni vibaya baba kusema, "Usiogope, fedha zipo," hali akijua kwamba hazipo, na mtoto akafika chuo cha mbali akarudi mwaka wa pili kwa kukosa ada. Afadhali aseme: "Mwanangu, shamba latoa kiasi hiki kwa mwaka. Wadogo zako wako wanne. Hapa naweza, hapa siwezi." Kijana aambiwaye kweli huchagua kama mtu mzima. Kijana afichwaye kweli huchagua kama mtoto, kisha tunamlaumu kwa utoto wake.

Kwa kuwa nimetaja kweli na fedha, sina budi kusema juu ya karatasi ya mkopo, ingawa neno hili litawachoma wengine. Bodi ya Mikopo iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Fedha zake ni za kuwakopesha wahitaji, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada waliingizwa. Mwombaji hutaja hali ya nyumba yao. Hutia sahihi yeye na mdhamini wake. Viongozi wa kijiji au mtaa hupiga muhuri, na mwanasheria naye hushuhudia. Basi wako wazazi wema, waimbaji wa kwaya na wazee wa kanisa, ambao hapo huwaambia watoto wao: "Andika kwamba baba hana kazi. Andika kwamba walezi wako ni bibi na babu. Kila mtu hufanya hivyo."

Rebeka naye alimsaidia mwanawe namna hiyo. Alimvika Yakobo ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni ili Isaka kipofu amdhanie kuwa Esau. Kijana aliogopa, lakini mama alimwambia kwamba laana ikija, itakuwa juu yake mama. Maneno matamu! Walakini aliyekimbia nyumbani si Rebeka, ni Yakobo. Aliyetumika kwa Labani miaka ishirini, akidanganywa kama alivyodanganya, ni Yakobo. Na mama aliyemwambia akae huko siku chache tu, hatusomi popote kwamba alimwona tena. Mzazi hawezi kuichukua laana ya uongo badala ya mwanawe, hata akitaka. Sahihi iliyo kwenye karatasi ile ni ya mtoto.

Tena fedha ya mkopo si mvua, kwamba ikinyesha kwako hainipunguzii mimi. Ina kiasi chake. Anayejiandika maskini asiyekuwa maskini hula sahani ya yatima aliyeandika kweli. Na mkopo wenyewe hurudishwa: tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Kwa hiyo yampasa mtoto aujue mzigo huo kabla hajaubeba, wala asiudhanie kuwa zawadi. Lakini deni la fedha huisha. Deni la pili huenda lisiishe. Kijana amefundishwa na baba yake, siku ya kwanza ya kuingia katika utu uzima, kwamba karatasi ya serikali ni mahali pa kudanganyia. Miaka kumi baadaye atakuwa mhasibu, au hakimu, au mganga mkuu wa wilaya, naye atatia sahihi karatasi nyingi. Tutakapolalamika kwamba wakubwa si waaminifu, tukumbuke nani aliyewafundisha mwandiko.

Laiti maombi yote yangalijibiwa kwa furaha! Lakini wako watakaokosa. Mwongozo wa Tume hutaka kwa kawaida mwombaji awe na ufaulu katika masomo mawili yenye jumla ya pointi nne, ambapo A ni tano na E ni moja. Na kozi nyingi zataka zaidi ya hapo, kwa sababu watu ni wengi na viti ni vichache. Aliyekosa awamu ya kwanza aweza kuomba katika awamu ifuatayo ikifunguliwa. Aliyekosa chuo kikuu aweza kusoma stashahada, na kutoka hapo wengine huja kuingia chuo kikuu kwa mlango huo. Aweza pia kujifunza ufundi wa mikono, ambao Bwana wetu mwenyewe aliufanya katika nyumba ya Yusufu, wala hakuuonea haya.

Siku hiyo ya kukosa ndiyo siku ambayo msaada wa mzazi hupimwa. Kijana hatatazama karatasi tu. Atatazama uso wa baba na uso wa mama, apate kujua kama bado ni mtoto wa nyumba hiyo. Akisikia, "Mwenzako wa nyumba ya pili amepata, wewe umenitia aibu," atajua kwamba maombi yale hayakuwa yake tangu mwanzo. Yalikuwa ya baba, na baba ndiye aliyekosa. Lakini akisikia, "Pole, mwanangu. Kaa ule. Kesho tutafikiri," atajua kwamba alipendwa kabla ya kozi na atapendwa baada yake. Kijana wa namna hii huinuka upesi.

Basi ndugu, jibu langu ni hili. Mzazi asimjibie mwanawe, wala asimwache ajibu peke yake. Asimame karibu kiasi cha kusikika, na mbali kiasi cha kumwachia mwana nafasi ya kunena. Atoe shauri lake lote, hata lile gumu, kisha anyamaze. Alinde vyeti na siku na kweli. Na kijana akishaondoka, kazi haijaisha. Hana, mama yake Samweli, alimtoa mwanawe kwa Bwana, asikae naye tena nyumbani. Walakini kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akamchukulia alipopanda kwenda kutoa dhabihu. Hakwenda kumtawala Samweli hekaluni, wala hakumsahau. Nadhani kila mwaka alilazimika kukisia jinsi alivyokua, akaongeza kitambaa kidogo. Na sisi tuwe na kitambaa cha kuongeza, maana watoto hukua tusipowaona.